Namba ni kubwa, simu haiiti: kutafuta tatizo kwenye maneno muhimu ya Google Ads

Ukikuta kampeni ya Google Ads, yaani matangazo ya kulipia yanayojitokeza mtu anapotafuta Google maneno uliyoyachagua, inakula pesa bila kuleta wateja, au imekaa kimya wiki nzima bila mbofyo hata mmoja, mara nyingi chanzo ni kilekile: vitu viwili vimesomwa kama kimoja. Cha kwanza ni wingi wa utafutaji, ile namba ya Keyword Planner (zana ya kupanga maneno iliyomo ndani ya Google Ads, huko mbele naiita Planner tu) inayokuambia neno fulani hutafutwa mara ngapi kwa mwezi. Cha pili ni aina ya mlinganisho, yaani ruhusa unayoipa Google iamue tangazo lako liingie kwenye utafutaji upi. Ukibadili mlinganisho, namba ya wingi inabaki palepale, kwa sababu inahesabu neno lenyewe na yale yanayokaribiana nalo sana. Haihesabu kila utafutaji ambao mlinganisho wako unaweza kuuvuta.

Zamani haikuwa hivyo. Zana iliyotangulia Keyword Planner, ambayo Google iliiondoa mwaka 2013, ilikuwa inatoa namba tofauti kwa kila aina ya mlinganisho. Ndiyo maana mpaka leo bado kuna wanaofundisha "angalia wingi wa mlinganisho mpana". Ushauri huo ulikufa na zana yake.

Mfano nitakaoutumia ni mmoja: mfugaji wa Kibaha anayetotolesha na kuuza vifaranga wa siku moja, wa nyama, wa mayai na chotara. Neno lake moja anaweza kuliingiza kwa namna tatu:

bei ya vifaranga: bila alama yoyote, ni mlinganisho mpana, unaokubali hata utafutaji unaohusiana tu
"bei ya vifaranga": ndani ya alama za kunukuu, ni mlinganisho wa kifungu, unaokubali utafutaji wenye maana ya kifungu hicho ndani yake
[bei ya vifaranga]: ndani ya mabano ya mraba, ni mlinganisho kamili, unaokubali utafutaji wenye maana au nia ileile

Kulikuwa na namna ya nne, ile ya kuweka alama ya kujumlisha mbele ya kila neno. Tangu Julai 2021 huwezi tena kuiunda, kazi yake imepewa mlinganisho wa kifungu. Ukirithi akaunti ya zamani yenye maneno kama +bei +vifaranga, hayajafa. Yanafanya kazi kama kifungu.

Kuanzia hapa, maneno ambayo watu huyaandika Google nimeyaweka kwa mlazo, alama za kunukuu na mabano nikayaachia kazi yake.

Dalili: Planner inakupa "100 hadi 1,000" na si namba

Akaunti yako haitumii pesa, au inatumia kidogo mno. Tangu 2016 Google huwaonyesha wenye akaunti za namna hii masafa tu: 10 hadi 100, 100 hadi 1,000, 1,000 hadi 10,000. Tofauti ya 100 na 1,000 kwa mfanyabiashara mdogo ni tofauti ya kufungua duka na kutofungua, kwa hiyo masafa hayo hayakusaidii kupanga bajeti. Dawa ya kudumu ni kuendesha kampeni halisi kwa muda. Dawa ya haraka ni kuingia kwenye sehemu ya makadirio ndani ya Planner hiyohiyo, kuingiza neno kwa mlinganisho kamili, kuweka dau (kiasi unachokubali kulipa kwa mbofyo) kubwa kupita kawaida na kusoma mionekano, yaani mara ambazo tangazo litaonekana, inayotabiriwa kwa mwezi. Ni makadirio tu, ila yanabana yale masafa.

Hata ukipewa namba kamili, usiichukulie kama hesabu ya karani. Ni wastani wa miezi 12, kisha umesogezwa kwenye ngazi zilizopangwa: 110, 140, 170, 210, 260, 320, 390, 480, 590, 720, 880, 1,000. Hutaona 150 wala 500 hata ukikesha. Maneno mawili, moja la 140 na jingine la 170, yanaweza kuwa yanapishana kwa utafutaji wachache tu. Anayechagua neno kwa tofauti ya ngazi moja anapoteza muda.

Dalili: neno la Kiswahili linaonyesha dashi au sifuri, na wewe unajua watu wanalitafuta

Hapa ndipo wengi wetu hukata tamaa na kukimbilia maneno ya Kiingereza. Kabla ya kukimbia, angalia mambo haya kwa mpangilio.

Anza na eneo. Kama umechagua wilaya au mkoa mmoja, namba ndogo huanguka chini ya kiwango ambacho Google inakubali kukionyesha. Panua hadi nchi nzima, kisha weka Tanzania na Kenya pamoja, uone kama neno linafufuka. Likifufuka, lina uhai; udogo ulikuwa wa eneo.

Kisha lugha. Kwenye Planner na kwenye kampeni yenyewe, mimi huacha lugha zote. Mtu wa Mbagala anayeandika *natafuta vifaranga wa kuku wa mayai* anaweza kuwa na simu iliyowekwa Kiingereza tangu iliponunuliwa, na mipangilio ya simu ni moja ya vitu Google inavyoviangalia inapokisia lugha ya mtu. Ukimbana kwa lugha, unamfukuza mteja kwa sababu ya kitu ambacho hata hajui kipo.

Jambo la tatu ndilo kubwa, nalo linatokana na Kiswahili chenyewe. Hitaji moja limegawanyika katika maandishi mengi, na kila andishi linahesabiwa peke yake au halihesabiwi kabisa. Angalia vifaranga tu. Kuna wanaoandika *vifaranga vya kuku*, kuna *vifaranga wa kuku*, na wote wanataka kitu kilekile. Kuna *bei ya vifaranga*, *bei za vifaranga*, *vifaranga bei gani*, *vifaranga wanauzwa wapi*. Kuku wa nyama huyu anamwita *broiler*, yule *broila*. Ukivuka mpaka kwenda Kenya, mnunuzi yuleyule huchanganya lugha bila shida: *kienyeji chicks price*. Kwenye ng'ombe hali ni mbaya zaidi, maana wengi hawaandiki ule ung'ong'o. Wanaandika *ngombe*, wengine *ng ombe*.

Kwa hiyo usipime neno, pima ukoo. Kusanya maandishi yote ya hitaji moja, yaingize yote kwenye Planner kwa mkupuo, kisha soma jumla. Maneno nane yenye 20 au 30 kila moja ni soko, hata kama hakuna lililofika 100.

Maandishi hayo unayapata wapi? Si kwa kukaa na kubuni. Andika *vifaranga* kwenye kisanduku cha Google, acha nafasi, kisha weka herufi moja moja: a, b, c. Mapendekezo yanayoshuka ni utafutaji wa kweli wa watu. Fungua pia WhatsApp ya biashara na usome sentensi ya kwanza ya kila mteja. Anayekuandikia "habari, mnao wale chotara wa siku moja?" amekupa neno ambalo hakuna zana ingekuonyesha.

Na kuna uwezekano ambao hatupendi kuusikia: huenda watu hawalitafuti kweli Google. Biashara nyingi kwetu zinaanzia Instagram, kwenye magrupu ya WhatsApp, au kwa kuulizana. Planner haihesabu hayo. Ukoo mzima ukisoma sifuri nchi nzima, na mapendekezo ya kisanduku hayaleti kitu, peleka pesa kwingine.

Dalili: maneno mawili tofauti yana namba ileile hadi mwezi kwa mwezi

Google imeyaweka kwenye kapu moja, ikiyaona kuwa ni andishi moja lenye tofauti ndogo kama herufi iliyokosewa au umoja na wingi. Fungua grafu ya miezi ya kila neno. Zikifanana kwa kila mwezi, namba hiyo ni ya pamoja. Usijumlishe mara mbili. Hili linapingana kidogo na kile nilichosema juu kuhusu kujumlisha ukoo, ndiyo sababu grafu inaangaliwa kabla ya kujumlisha.

Usitegemee kwamba kapu la Kiingereza na la Kiswahili hufungwa kwa umakini sawa. Kwa Kiingereza umoja na wingi hutofautiana mkiani mwa neno. Sisi tunabadili kichwa, *kitanda* na *vitanda*, *gari* na *magari*. Jaribu jozi zako mwenyewe uone kama zimeunganishwa.

Dalili: pesa inaisha kabla ya saa sita mchana, na hakuna aliyepiga simu

Nenda moja kwa moja kwenye ripoti ya maneno yaliyotafutwa. Usiguse dau, usiguse maandishi ya tangazo, usiguse kitu mpaka uisome. Orodha ya maneno muhimu ni yale uliyoomba. Ripoti hii ni yale uliyoyalipia.

Tuseme mfugaji wetu aliweka neno moja tu, *vifaranga*, bila alama. Ripoti yake itafanana na hii:

*bei ya vifaranga wa kuroiler*
*mashine ya kutotolesha vifaranga*
*vifaranga vya samaki*
*ratiba ya chanjo ya kuku wa mayai*
*bei ya trei ya mayai*
*jinsi ya kulea vifaranga wa siku moja*

Wa kwanza ni mnunuzi, kuroiler ni aina ya kuku chotara. Wa pili anataka kuwa mshindani wako, hana haja na vifaranga wako. Wa tatu anafuga sato. Wa nne tayari ana kuku, anawaza kideri na gumboro. Wa tano anataka mayai ya kula. Wa sita ni wa kufikiria: huenda amenunua jana kwa mtu mwingine, huenda anajiandaa kununua mwezi ujao. Mimi ningemwandikia makala kwenye tovuti, nisimlipie mbofyo.

Angalia kwamba *bei ya trei ya mayai* haina hata neno "vifaranga" ndani yake. Hivyo ndivyo mlinganisho mpana unavyofanya kazi. Google haisomi neno lako pekee. Inasoma pia ukurasa unaoutangaza, maneno mengine yaliyomo kwenye kundi hilo la matangazo, na hata vitu alivyotafuta mtu huyo muda mfupi uliopita. Kama ukurasa wako unataja mayai, umejiita huko mwenyewe.

Mlinganisho mpana ndio unaotumika usipoweka alama. Watu hawauchagui, wanaukuta. Google yenyewe inashauri uuambatanishe na udau wa kiotomatiki, ule unaojifunza kutokana na mauzo yaliyorekodiwa, na kwa duka kubwa la mtandaoni lenye oda nyingi kwa siku ushauri huo una mantiki. Lakini biashara ambayo mauzo yake yanamalizikia kwenye simu, kwa M-Pesa, bila chochote kurudi kwenye akaunti ya matangazo, haina cha kuifundisha mashine. Mashine itajifunza kutafuta watu wanaobofya, na wanaobofya ni wengi. Kwa hali hiyo sioni sababu ya kuanza na mpana. Anza na kifungu na kamili, rekodi simu na ujumbe wa WhatsApp kama matokeo, halafu mpana uujaribu baadaye kwenye kampeni yake yenyewe yenye bajeti yake.

Kama una uhakika uliweka alama na ripoti bado imejaa takataka, kuna swichi mbili za kuangalia kwenye mipangilio ya kampeni. Moja inageuza maneno yote ya kampeni kuwa mapana bila kujali ulivyoyaandika. Nyingine ni AI Max, iliyotangazwa Mei 2025, ambayo ikiwashwa huruhusu utafutaji uliovuka maneno yako yote. Ukiunda kampeni kwa kubofya "endelea, endelea" bila kusoma, ni rahisi kuzikubali.

Jambo la kujua kuhusu ripoti yenyewe: tangu Septemba 2020 Google haionyeshi utafutaji uliofanywa na watu wachache mno. Jumla ya mibofyo ya mistari unayoiona itakuwa ndogo kuliko jumla ya kampeni. Hiyo si hitilafu ya akaunti yako. Ila sehemu iliyofichwa ikiwa kubwa, ujue maneno yako ni mapana kuliko unavyodhani, maana utafutaji wa ajabuajabu ndio hufanywa na mtu mmoja mmoja.

Dalili: umeweka mabano ya mraba, bado yanaingia maneno mengine

"Kamili" ilikuwa kamili zamani. Tangu 2014 Google inalazimisha maandishi yanayokaribiana: makosa ya herufi, umoja na wingi. Mwaka 2017 ikaongeza mpangilio wa maneno na viunganishi, mradi maana isibadilike. Mwaka 2018 ikafika kwenye maana: utafutaji wenye nia ileile unaweza kuingia hata kama maneno si yale. Kwa hiyo [bei ya vifaranga] kuingiza *vifaranga wanauzwa shilingi ngapi* ndivyo ilivyokusudiwa, na kwa kweli ungetaka aingie.

Kinachohitaji jicho ni pale mpangilio na kiunganishi ndivyo vilivyobeba maana yote. *Kuku wa mayai* ni kuku wa kutaga. *Mayai ya kuku* ni kitu cha kukaanga. Maneno yenye uzito ni yaleyale mawili, kilichobadilika ni nani yuko mbele na kiunganishi cha herufi mbili katikati. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufikiri. Mashine iliyofundishwa kudharau viunganishi inaweza kuteleza. Kama unauza mitetea, weka "mayai ya kuku" na "trei ya mayai" kwenye maneno ya kuzuia, yale ambayo mtu akiyatafuta tangazo lako halionyeshwi, tangu siku ya kwanza, usingoje ripoti.

Kuna nafuu moja. Mtu akiandika neno lako la mlinganisho kamili herufi kwa herufi, Google hulipa neno hilo kipaumbele juu ya maneno yako mengine yanayoweza kulingana. Kwa hiyo si kazi bure kuweka [bei ya vifaranga wa kuroiler] wakati tayari una "bei ya vifaranga". Unapata sehemu ya kuliwekea dau lake na tangazo lake.

Dalili: maneno ya kuzuia hayazuii, au yamezuia kila kitu

Maneno ya kuzuia hayafuati sheria za maneno ya kawaida. Hayatanuki. Ukizuia *dawa*, mtu anayeandika *madawa ya kuku* anapita. Ukizuia *ugonjwa*, *magonjwa* anapita. Tangu 2024 makosa ya kawaida ya herufi yanashikwa, lakini umoja na wingi bado ni juu yako, na Kiswahili kwa viambishi vyake kitakufanyisha kazi: *kufuga*, *ufugaji*, *mfugaji*, *wafugaji*, yote ukiyataka nje inabidi uyaandike moja moja.

Neno la kuzuia lisilo na alama huzuia utafutaji wenye maneno yako yote, kwa mpangilio wowote. *Chakula kuku* litazuia *chakula cha kuku wa mayai*, lakini halitagusa *chakula cha vifaranga* kwa kuwa "kuku" hayumo. Kinyume chake ndicho kinachouma zaidi: mtu amechoshwa na *mayai ya kuku*, kwa hasira akazuia *kuku*. Siku hiyohiyo *vifaranga vya kuku* naye amekufa, na mionekano inashuka hadi chini. Ukiona mionekano imeanguka ghafla siku moja baada ya kusafisha orodha, rudi uangalie ulichozuia kabla ya kulaumu washindani. Maneno mawili au matatu yazuie kwa kifungu, neno la peke yake lizuie kwa ukamilifu, na usizuie kamwe *bei*, hata kama anayeulizia bei anakuudhi. Huyo ndiye mteja.

Angalia pia orodha ya kuzuia kama imeunganishwa na kampeni. Kuiunda peke yake hakutoshi.

Dalili: neno limewekewa alama kwamba utafutaji ni mdogo, na limelala

Google hulizima neno lenye utafutaji haba mno katika miezi 12 iliyopita, na hulirudisha lenyewe watafutaji wakiongezeka. Huna cha kubonyeza. Kosa la kawaida ni kuongeza dau. Dau halisaidii kitu hapa. Chukua neno fupi zaidi la ukoo uleule kwa mlinganisho wa kifungu, lile refu liache lilale, halikugharimu kitu. *Vifaranga wa kuroiler Kibaha Maili Moja* ni neno zuri sana ambalo huenda hakuna anayeliandika.

Dalili: namba ni nzuri, neno liko hai, mibofyo ni ya kuhesabu kwa vidole

Piga hesabu kabla ya kulalamika. Neno la utafutaji 140 kwa mwezi. Tangazo lako likaonekana kwenye nusu yake, ni 70. Katika kila kumi wanaoliona mmoja akabofya, ni 7. Saba kwa mwezi mzima. Katika hao saba, kama wawili wamepiga simu na mmoja amenunua, neno limefanya kazi yake vizuri, tatizo ni kwamba ni moja.

Kama hata hiyo saba huipati, fungua safu inayoonyesha sehemu ya mionekano uliyoipata kati ya ile uliyostahili, pamoja na safu mbili za jirani: iliyopotea kwa sababu ya bajeti, na iliyopotea kwa sababu ya nafasi. Ya bajeti inatibiwa kwa pesa au kwa kupunguza maneno. Ya nafasi inatibiwa kwa dau, au kwa ukurasa unaojibu kile kilichotafutwa. Anayetafuta bei akafika kwenye ukurasa wa picha za banda bila bei hata moja, ataondoka.

Usichanganye pia safu ya ushindani kwenye Planner. "Mdogo" pale maana yake watangazaji ni wachache. Haisemi chochote kuhusu ugumu wa kushika nafasi ya juu kwenye matokeo ya bure.

Dalili: simu zinapigwa, lakini kutoka mikoa usiyofika

Mpangilio wa eneo unaokuja wenyewe unajumuisha waliopo eneo lako na wanaoonyesha kulipenda. Mtu wa Bukoba akitafuta *vifaranga Kibaha*, anaingia. Kama husafirishi, badilisha ibaki waliopo tu. Fikiri kwanza lakini: kijana aliyeko Muscat anayemnunulia mama yake vifaranga mia moja wa kuanzia, na anayelipa kabla, naye anaingia kwa mlango huohuo.

Dalili: neno lililofanya kazi Novemba limekufa Februari

Wastani wa miezi 12 unaficha msimu. Kuku wa nyama anakuwa tayari kwa wiki tano hadi sita, kwa hiyo anayelenga soko la Krismasi anatafuta vifaranga mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Neno la wastani wa 140 linaweza kuwa 390 mwezi huo na 50 katika baadhi ya miezi mingine. Soma miezi, si wastani, na panga bajeti ya mwaka kwa mafungu yasiyolingana.

Kwa Idi, kulinganisha Machi na Machi ni kujidanganya, kwa sababu kalenda ya Kiislamu inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Idi el Fitr ya 2024 ilikuwa Aprili 10. Ya 2025 ikawa Machi 31. Ukihesabu wiki sita kurudi nyuma, wimbi la utafutaji limehama kutoka mwisho wa Februari hadi katikati yake. Hesabu kutoka sikukuu kurudi nyuma, si kutoka mwezi wa mwaka jana.

Dalili: Planner, Google Trends na Search Console hazikubaliani

Hazipaswi kukubaliana. Google Trends haitoi idadi. Inatoa kipimo cha 0 hadi 100 ambapo 100 ni kilele cha neno hilo katika kipindi na eneo ulilochagua, na sifuri yake inaweza kumaanisha tu kwamba data ni haba. Itumie kuona msimu na kulinganisha mikoa. Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, inahesabu mara ambazo tovuti yako imeonekana kwenye matokeo ya kawaida, si mara ambazo neno limetafutwa. Kama uko ukurasa wa tatu, wengi waliolitafuta hawakukufikia. Nayo pia huficha maneno yanayotafutwa na wachache.

Zana za kulipia za kampuni nyingine zina makadirio yao, na kwa Kiswahili makadirio hayo mara nyingi ni membamba. Zikipingana na mionekano ya mlinganisho kamili kwenye kampeni yako, amini kampeni yako. Endesha [bei ya vifaranga] kwa mwezi mzima bila kubanwa na bajeti, chukua mionekano yake, ugawe kwa sehemu ya mionekano uliyoipata. Mionekano 84 kwa sehemu ya asilimia 60 ni 140. Kumbuka kwamba humo kuna yale maandishi yanayokaribiana pia, kwa hiyo kabla ya kugawa ichuje ripoti ya maneno yaliyotafutwa uone andishi lenyewe limechukua ngapi.